Ndevu za Miti kwenye Pikipiki ya Dwight

...na kama kweli jana alishinda nyumbani akipasua kuni, hizo ndevu za miti zimenaswaje kwenye pikipiki yake, Ardith alijiuliza, amesimama mbele ya geti la kupandia mlimani, kifaa cha kusakia mkononi, maana leo zamu ya kukagua ilikuwa yake, wenzake wapite mmoja mmoja, kila mtu na kifaa chake kifuani kikituma mlio, ili theluji ikimfukia huko juu ijulikane alipo, asiyesikika haendi, hiyo haina mjadala, na huyu anakuja Dwight, mdogo wake mumewe Lyle, polepole juu ya pikipiki yake ya theluji, anatabasamu kama mtoto aliyeiba sukari, na pale anapokanyaga, kishungi cheusi, ndevu hasa, zile zinazoning'inia kwenye misonobari mizee ya bonde la Kijito cha Shaba na si kwingine pande hizi, chakula cha kulungu wakati wa baridi, ndiyo maana bonde limefungwa, mabango yapo tangu Novemba, kulungu wenyewe wamebaki wachache, ukiwavurumishia injini wanakimbilia miteremkoni, na majike wana mimba... "Shemeji, unanisikia au umegeuka mti?" Dwight alisema, injini ikiunguruma, "nipitishe, miguu inaganda"... kifaa kililia, alisikika vizuri tu, "Ngoja hapo kwanza," Ardith alisema, kwa sababu asubuhi, chai ya Lyle haijapoa, Lyle mwenyewe kajilaza na mgongo wake unaomuuma, nani aliyesema leo tubaki msituni, juu theluji haiaminiki, ni Dwight, Dwight ambaye tangu azaliwe hajawahi kuchagua msitu akiona mteremko, Dwight aliyepanda Mwamba Mweupe mwaka juzi na mwenzetu Merv bado yuko katikati, wakati kila mtu anajua mteremko hupandwa na mmoja, wengine wanangoja kando pasipofikiwa na poromoko la theluji, na alipoulizwa akasema nilidhani amekwama, nikaenda kumsaidia, kumsaidia nani, wafukiwe wawili badala ya mmoja, hapana, huyu leo amepata wapi busara, huyu hataki tufike ukingoni, maana ukisimama ukingoni bonde lote liko chini yako, na haijaanguka theluji mpya tangu juzi, njia aliyoichora kule kwa mashine yake ingali wazi, njia ya mwongo ni fupi, Dwight, na mimi nina mtoto mmoja tu, Bryn wangu, simpi mtu kama wewe amfuate mlimani, sasa hivi nakwambia upakie mashine yako urudi nyumbani, na Lyle akinuna anune... lakini ile kamba, Dwight huiviringa kamba yake ya kuvutia mashine zilizokwama vizuri kuliko anavyokunja nguo zake, leo iko nyuma ya kiti imeganda, fundo halijafunguliwa, alimvuta nani, mtu aliyekwenda peke yake havuti mtu, "Jana ulikuwa na nani, Dwight?" "Na shoka langu, kaziulize kuni," alisema, ila hakumtazama Ardith, aligeuka kutazama nyuma, alikosimama Bryn akingoja zamu yake, kofia ngumu ameshaivaa, kioo ameshakishusha, mtoto ambaye siku zote hukishusha mwisho kwa sababu ya maneno mengi, "Haya pita," Ardith alisema, na Dwight akapita, akasimama mbele kidogo, akazima, na Bryn akaanza kuja, na kifaa kikaanza kulia tena, kwa mbali, kisha karibu, na chuma cha mbele cha pikipiki yake kimepinda, pale pale pa kufungia kamba, na chini ya usukani, Mungu wangu, kishungi cheusi... jana alisema yuko kazini, duka la mikate, na jioni aliingia mikono mitupu, yeye ambaye hakosi kuleta mkate uliobaki, akanipita pale mlangoni na hakunukia mkate, nilikuwa wapi mimi, nilikuwa nimekaa nikimhesabia Dwight makosa yake, na mwanangu yuko peke yake kule chini ya miteremko ile, amekwama, na aliyemwita si mama yake, mama yake angefoka, alimwita baba mdogo, na yule mjinga akaenda, akamfunga kamba akamtoa, akaiona theluji ilivyo kwa macho yake, ndiyo maana msituni, ndiyo maana kuni, alimfichia siri hata kwa kulibeba jina baya ambalo nilikuwa nalo tayari kumpa, na Ardith aliogopa, hofu ya jana iliyomfikia leo, akawa na hasira na wote wawili, na shukrani ambayo hakujua aiweke wapi, "Mama, nasikika?" Bryn aliuliza, sauti imebanwa na kofia, "Unasikika. Leo utakaa nyuma ya Dwight." "Nyuma ya Dwight? Si wewe unayesema hata mbuzi humpi achunge?" "Nyuma ya Dwight. Akisimama, simama. Na jioni, mimi na wewe jikoni, tutazungumza." Dwight kule mbele alijifanya anafunga glavu, na hakuna aliyeondoka bado, kifaa kilikuwa kinalia mkononi mwa Ardith, kikimwambia mtoto yuko hatua mbili tu, na hakutaka kukizima.