Besi ya Upande wa Kushoto

Saa nne na dakika kumi asubuhi sindano iliruka nje ya mfereji kwa mara ya tatu, mahali pale pale. Fundi wa kukata santuri aliinyanyua na kuzima mashine.

Mwenye wimbo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, anayejulikana kwenye muziki wa hausi kwa jina la Shangazi. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amepiga muziki kwenye maghala, gereji na vyumba vya chini ya maduka, kule ambako habari za shoo hupita mdomo kwa mdomo. Nyimbo kumi na tisa alizotengeneza zilitoka kwa majina ya watu wengine. Huu ungekuwa wa kwanza kutoka kwa jina lake. Kiwanda cha kuchapa santuri kilitaka bamba, yaani santuri mama inayokatwa kwa sindano, kabla ya saa kumi jioni. Likichelewa, nafasi yake ingesogezwa hadi mwakani.

Alikuja na kaka yake, seremala, kwa pikapu ya kubebea mbao.

"Mashine imechoka hiyo," Kaka alisema.

"Mashine ni nzima," fundi alijibu. "Jana imekata kwaya ya watu sitini bila kukohoa."

"Basi huyu mmoja atakushindaje?"

Fundi hakucheka. "Besi yote iko kushoto. Ikilemea upande mmoja hivi, sindano inarushwa juu mpaka inatoka. Nani alichanganya sauti?"

"Mimi," Shangazi alisema.

"Na nani?"

"Peke yangu. Sijawahi kumpa mtu achanganye nyimbo zangu."

Fundi alimpa hedifoni, akafungua upande wa kushoto peke yake. "Unasikia nini?"

Shangazi alitazama mshale wa kipimo cha sauti ukicheza. "Besi. Nzito kidogo."

"Na ule mlio?"

"Mlio gani?"

Kaka alizichukua hedifoni, akazivaa, akazivua papo hapo. "Kama birika linachemka humu ndani. We, husikii hili?"

Shangazi aligusa sikio la kushoto, akatikisa kichwa. Miezi kumi na minne kabla ya hapo, daktari alikuwa amemwandikia kwamba sikio la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya usikivu na halitarudi. Hakumwambia mtu. Wala hakuna aliyegundua, kwa kuwa kila DJ hubana hedifoni kwenye sikio moja, na kumbi alizopigia huunganisha pande zote mbili kuwa sauti moja. Nyumbani, kila alipoona sauti ya kushoto imepwaya, aliipandisha.

"Tangu lini?" Kaka aliuliza.

"Mwaka jana."

"Na mimi nakuita mezani huitiki, nadhani unaringa."

"Kuringa nako kulikuwepo."

Kaka alivuta kiti akahamia kulia kwa dada yake.

"Promota anayeniandalia shoo akijua, ataniita tena?" Shangazi alimuuliza fundi. "Vijana wamejipanga foleni wakisubiri meza yangu ya kupigia muziki."

"Mimi nakata santuri, dada. Umbea si kazi yangu. Besi naweza kuikusanya katikati hapa hapa. Mlio siwezi, umo kwenye faili zako. Na mwenye kuusikia si wewe."

Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba. Shangazi aliiweka mezani. Kisha akaifungua, akapindua kikombe cha hedifoni cha sikio la kushoto kuelekea nje na kumpa Kaka. Yeye alibaki na cha kulia. Ilibidi wakae shavu kwa shavu.

Alizima ala moja moja. Ngoma: mlio upo. Sauti ya mwimbaji: upo. Alipozima kinanda, Kaka aliinua mkono.

"Hapo. Umekatika."

Kinanda kilirekodiwa kwa waya wa kushoto wenye hitilafu. Shangazi alinakili sauti safi ya upande wa kulia na kuiweka pande zote mbili.

"Sasa besi," alisema. "Niambie ikilingana."

"Punguza. Punguza tena. Ah, umeua. Rudisha. Hapo hapo, usiguse."

"Umeshakuwa bosi."

"Kabati likipinda nusu inchi mimi silali. Kwani hili ni tofauti?"

Saa nane na nusu fundi alianza kukata upya. Sindano ilikwenda hadi mwisho. Aliikagua mifereji kwa hadubini, akaandika namba pembeni ya bamba, akalifunga kwenye sanduku. Karani wa kiwanda alilipokea kutoka kwa Shangazi na Kaka saa kumi kasoro dakika ishirini.

Wakiwa nje ya kiwanda, kando ya pikapu, Shangazi alimpigia promota kuhusu shoo ya Jumamosi mchana.

"Sikio langu la kushoto halisikii," alisema. "Ni mwaka sasa. Nataka spika ndogo ya kujisikilizia, iwekwe kulia kwangu."

Promota alisema yuko na wageni, atamtafuta.

Shangazi aliirudisha simu mfukoni. Kaka aliwasha gari, akauliza kama wapitie nyumbani au kwenye karakana yake ya useremala. Alisema karakana.

Saa kumi na moja na robo ujumbe uliingia kutoka kwa promota. Shangazi aliusoma, akamnyooshea Kaka simu juu ya meza ya kupigia randa. Uliandikwa: "Kulia, umbali gani kutoka kwenye meza yako?"

Shangazi akajibu: "Hatua moja."