Kidoti cha Mwenza

Alhamisi moja alasiri, mwaka wa 1984, teksi kutoka Bidbid ilisimama mbele ya nyumba ya Bimdogo mjini Ibra, Omani, akashuka kijana mwenye sanduku la bati na masikio mapana kama mapepeo. Hakuna aliyemtarajia.

"Shikamoo, mama. Mimi Mahrous. Natoka Bujumbura. Nina barua ya dada yako Shukriya."

"Marahaba, mwanangu! Shukriya yangu mzima? Harub! Njoo mpokee mgeni!"

Harub, mwanawe, mwalimu wa skuli, akamwingiza majlisi, chumba cha wageni. Humo alikuwemo Nadhir, mchora ramani wa ofisi moja pale mjini. Kila Alhamisi alikuwemo. Kwa miaka mitatu wawili hao walikuwa na kazi yao ya siri: kitabu cha katuni. Harub alichora kwa kalamu ya risasi. Nadhir aliandika maneno na kupitia wino, maana Harub akishika wino huchafua karatasi na kanzu kwa pamoja. Shujaa wao, Mwana wa Falaji, alikuwa mweusi, alisema Kiswahili, na alitoka kwenye mfereji wa maji kila mara mtu alipochekwa kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika. Pembeni yake daima alikuwepo Mwenza, mwenye kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto.

Nadhir naye alikuwa na kidoti chini ya jicho la kushoto. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Kahawa ikaletwa. Omani nzima yajua kwamba mgeni aliyetosheka huitikisa finjani yake, asipoitikisa, humiminiwa. Mahrous hakujua. Kila akimaliza aliirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, na Harub akainamisha dele la kahawa. Finjani ya tatu, ya tano, ya saba.

"Yakhe, mwambie atikise," Nadhir akanong'ona. "Utamuua."

"Muache, anaipenda," akajibu Harub, akicheka.

Hapo Nadhir akaitikisa finjani yake mwenyewe. Anayetaka mgeni ainuke humfundisha kutikisa. Harub hakutaka ainuke.

Mahrous akafungua sanduku. Lilijaa katuni za Kifaransa. "Nimewasoma mashujaa wote hawa," akasema. "Hata mmoja hafanani na sisi watatu. Na wote mwisho wao ni mmoja: anaokoa binti, anaoa binti." Akaliona daftari lao la katuni, akaliomba, akalisoma polepole, akacheka palepale palipostahili kuchekwa. Hilo lilimuuma Nadhir zaidi. Angalicheka pasipostahili, angalau Nadhir angemdharau.

"Na huyu wenu," Mahrous akauliza, "yeye anampenda nani?"

Jikoni Bimdogo alikuwa akitwanga iliki. Kinu kilisikika mpaka majlisi.

"Anampenda Mwenza," Harub akasema mwishowe, macho yakiwa kwenye kalamu yake. "Siku zote nalijua. Nikiogopa kulichora."

Masikio ya Nadhir yakawaka moto. "Basi lichore," akasema kabla hajafikiri. "Chochote utakachochora nitakipitia wino. Sibadilishi hata mstari."

"Ahadi?"

"Ahadi ya mtu mzima."

Mahrous alikaa wiki mbili, akisubiri jibu la kazi mjini Sur. Nadhir akija, alimkuta ameketi kwenye mto aliouzoea kukalia yeye, ule wa karibu na dirisha. Harub akaanza kusema kwa Kifaransa "merisi" badala ya "ahsante". Kulikuwa na vichekesho vilivyoanzia siku ambazo Nadhir hakuwepo, na kumweleza kichekesho mtu aliyekikosa ni kama kumlisha maganda.

"Nadhir mwanangu," Bimdogo akamtania mbele za watu, "mbona umenuna kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo?"

Wote wakacheka. Naye alicheka, akaomba ruhusa, akaenda zake.

Ijumaa ya tatu Harub akampa bahasha. "Ukurasa wa mwisho. Mahrous anaondoka kesho asubuhi. Nataka aende nao."

Nadhir aliufungua kwake baada ya sala ya adhuhuri. Mwana wa Falaji amevua barakoa yake. Ameketi ukingoni mwa mfereji, miguu imo majini, ameushika mkono wa Mwenza. Hapana vita, hapana radi. Harub hakuwahi kuchora vizuri hivyo. Na Mwenza alikuwa na masikio mapana kama mapepeo, na shavu safi, halina kitu.

Akachovya kalamu. Akapitia mfereji, miguu, vidole vilivyofumbatana. Masikio aliyapitia akiwa amekaza meno. Alipofika chini ya jicho la kushoto, mkono ukasimama wenyewe.

Nukta moja tu. Angesema mkono umezoea. Miaka mitatu Mwenza alikuwa na kidoti hicho, nani angemlaumu? Na wino haufutiki. Tone likavimba kwenye ncha ya kalamu, likatetemeka.

Akaitazama picha. Ilikuwa ya kwanza aliyoiona maishani mwake yenye watu kama yeye, wanaopendana kama yeye, na yeye hayumo. Lakini ilikuwepo. Asubuhi ile haikuwepo duniani.

Akaifuta ncha kwa kitambaa. Akapitia mstari wa shavu, mtupu kama ulivyochorwa, akaacha ukauke.

Kesho yake asubuhi teksi ilikuwa inanguruma mlangoni. Harub akaupokea ukurasa. Kidole chake kikapita polepole chini ya jicho la Mwenza, kikarudi, kikapita tena.

"Hukuongeza kitu," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia sibadilishi."

Harub akamtazama, akakitazama kile kidoti kilichobaki usoni mwa rafiki yake.

"Wino umekauka," akasema Nadhir. "Mpe, asikose gari."