Kilo Sifuri

Kila Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, muuguzi wa wodi ya watoto huweka jiwe la kilo mbili juu ya mizani ili kuhakikisha kwamba mizani inasema kweli. Jumanne hiyo ilisema kweli. Muuguzi aliliondoa jiwe, akaandika "sawa" kwenye daftari, kisha akamwita mshiriki namba kumi na nne.

Mshiriki namba kumi na nne alikuwa msichana wa miaka saba ambaye wodi nzima ilimwita Bosi, kwa sababu aliwapangia watu kazi tangu siku aliyolazwa. Alikuwa na saratani ya figo. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa, na dawa pekee iliyobaki ilikuwa bado kwenye majaribio. Haikuuzwa duka lolote wala kutolewa hospitali nyingine yoyote. Dozi zilikuwa tisa. Alikuwa amekwisha kupata tatu, na uvimbe uliokuwa mkubwa kama chungwa sasa ulitoshana na kifungo cha koti. Kipimo cha kifungo kilikuwa cha mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani. Daktari alisema sentimita mbili na nusu.

Bosi alivua viatu, akapanda mizani. Mizani ikasoma sifuri. Kati ya nyayo zake na kibao cha mizani palikuwa na nafasi ya vidole vinne.

"Shuka kidogo," muuguzi alisema.

"Nimeshuka mpaka mwisho, Sista. Mwisho wangu ndio huu."

Muuguzi alimshika mabega, akamkandamiza. Mizani ilisoma kilo nne, ambazo zilikuwa za mikono ya muuguzi, na mwongozo wa utafiti haukuruhusu kumpima muuguzi. Alimwachia. Akaandika sifuri.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mfamasia, mtu mpole ambaye kikokotoo chake kilifungwa mezani kwa kamba, kwa kuwa vitatu vilivyotangulia vilikuwa vimeota miguu. Mwongozo ulitaka miligramu mbili kwa kila kilo ya uzito uliopimwa siku hiyo. Mfamasia alizidisha mbili kwa sifuri. Alizidisha tena, kwa kuwa hesabu ya dawa hurudiwa. Kisha akachukua bomba la sindano tupu, akalibandika lebo ya mshiriki namba kumi na nne, akalipeleka wodini ndani ya kisanduku cha barafu.

"Sista, hii haina kitu," mama alisema.

"Haina kitu, Mama Bosi, lakini ni yake. Tazama lebo."

Watu wawili walitia saini kwamba dozi ya nne imetolewa kwa wakati.

Kufikia adhuhuri Bosi alikuwa amefika darini. Mratibu wa utafiti, kijana nadhifu mwenye kalamu ya rangi mbili, alikuja na fomu ya madhara ya dawa. Fomu ilikuwa na sehemu ya kichefuchefu, homa, kunyonyoka nywele na mengineyo. Kwenye mengineyo aliandika "kuelea". Akakadiria kiwango. Mtoto anayegusa dari alihesabiwa kuwa wa kiwango cha tatu. Anayetoka dirishani angekuwa wa kiwango cha nne. Muuguzi alifunga dirisha ili kiwango kisipande.

"Unaumwa popote?" mratibu aliuliza, akitazama juu.

"Siumwi. Huku kuna utando wa buibui. Nani anasafisha wodi hii?"

Mfagiaji, aliyekuwa mlangoni, alimrushia kitambaa. Bosi akafuta feni.

Mama alimfuata mratibu hadi kwenye korido.

"Baba, mwanangu anapaa kwa sababu ule uvimbe unaisha. Ndiyo maana mnamnyima dawa inayoumaliza?"

"Hatumnyimi, mama. Tunampa kulingana na uzito."

"Basi tumieni wa wiki iliyopita. Alikuwa na kilo kumi na tisa."

"Uzito wa wiki iliyopita tuliutumia wiki iliyopita."

Mama alikwenda nyumbani, akaifungua cherehani yake ya miguu, ile iliyowalisha wote wawili. Alirudi na kanyagio, gurudumu, miguu yote ya chuma na pasi mbili. Alivishona vyote ndani ya pindo la gauni, akiongeza kipande baada ya kipande na kumpima mtoto kwenye mizani ya wodi wakati muuguzi alipokwenda kunywa chai. Siku hiyo muuguzi alikunywa chai kwa saa moja na nusu.

Jumanne iliyofuata Bosi alitembea hadi kwenye mizani, gauni likilia kama duka la sufuria. Mizani ikasoma kilo kumi na tisa.

"Gauni zuri," muuguzi alisema, akaandika.

"Nguo nyepesi," mratibu alisema nyuma yake. "Mwongozo unasema nguo nyepesi."

Gauni lilivuliwa, likapimwa peke yake. Lilikuwa na kilo ishirini na nane. Mratibu alitoa ishirini na nane kutoka kumi na tisa, akapata hasi tisa, akaiandika kwa kalamu nyekundu. Bosi alikuwa amekwisha kurudi darini, akiwa na chupi na soksi.

Mfamasia alizidisha mbili kwa hasi tisa. Alirudia. Akashuka wodini mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Hasi kumi na nane," alisema.

"Nampaje hasi kumi na nane?" muuguzi aliuliza.

"Humpi. Unatoa."

Walimfunga Bosi mguuni kwa mkanda wa gauni la hospitali, wakamvuta chini. Muuguzi alichoma mkono wa kushoto, akavuta, na miligramu kumi na nane za dawa zikatoka, safi, bila tone la damu. Watu wawili walitia saini. Bomba liliwekwa kwenye friji, likaandikwa "imerejeshwa".

Wiki moja baadaye Bosi alikuwa sakafuni. Kifungo cha koti kilikuwa kimekuwa ndimu. Mizani ilisoma kilo saba, na mratibu alimpongeza mama kwa kumtunza mtoto vizuri. Bosi alipata miligramu kumi na nne. Jumanne ya saba alikuwa darini, gauni la chuma likaleta tena hasi tisa, na walimtoa kumi na nane nyingine. Ya nane alikuwa sakafuni, akapata kumi na nne. Watoto wa wodi walizoea. Wiki aliyokuwa juu, kitanda chake kilitumiwa kuchezea karata.

Katikati ya wiki hizo mama aliandika barua kwa kamati ya maadili. Aliomba mstari mmoja tu ubadilishwe: dozi ifuate uzito wa siku ya kwanza. Jibu lilifika Jumanne ya tisa, siku ya dozi ya mwisho, likiwa na mihuri miwili. Mratibu alilisoma kwa sauti chini ya feni.

Kamati ilikuwa imeguswa sana. Iliagiza dari ya wodi iwekewe sponji. Iliagiza neno "kuelea" litolewe kwenye mengineyo na kupewa mstari wake. Iliagiza pia fomu iongezwe safu mpya, "urefu kutoka sakafuni". Kuhusu uzito, kamati iliona kwamba mwongozo unafanya kazi vizuri, na ilitoa mfano wa mshiriki namba kumi na moja, ambaye dawa haikumfaa hata kidogo, na ambaye uzito wake haukuyumba na alipata dozi kamili kila wiki.

"Kwa hiyo hamkubadilisha," mama alisema.

"Tumebadilisha mambo matatu, mama."

Fimbo ya hospitali ya kupimia urefu haikufika juu. Mama alitoa mfukoni futi yake ya ushonaji, ya mita tatu, akapanda kiti, akaishika kwenye kisigino cha mwanawe na kuiachia ining'inie.

"Sentimita mia mbili na kumi," alisema muuguzi, akiwa amepiga magoti sakafuni.

"Na tano," Bosi alisema. "Sista, usinipunje."

Muuguzi aliandika mia mbili na kumi na tano kwenye safu mpya. Kwenye safu ya zamani aliandika hasi tisa. Mfamasia akazidisha. Bosi aliteremsha mkono wa kushoto bila kuambiwa, kwa kuwa kazi alikuwa ameshaijua.

Watu wawili walipokuwa wakitia saini, mama alikunja futi. Akavitoa viatu vya mwanawe chini ya kitanda, akavipanga sakafuni mahali atakaposhukia, vidole vikielekea mlangoni.

Mratibu alivisogeza kando kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa karibu mno na mizani.