Majani Mawili ya Tambuu

Kaka wanne walikuwa wamembeba Tarulata juu ya kibao, wameshamzunguka naye bwana harusi mara saba, na sasa mikono inawatetemeka kama watu waliopandisha kabati ghorofani. Yeye kajifunika uso kwa majani mawili ya tambuu. Kilichobaki ni kimoja tu: ayashushe, macho yake yakutane na ya mume.

Hakuyashusha.

"Taru, shusha," alinong'ona Nibaran, kaka mkubwa. "Usidhani u mwepesi."

"Vumilia, kaka."

Vigelegele vikaanza kukatikakatika. Kuhani akatazama saa. Muda wa heri ulikuwa unaisha saa kumi na mbili na robo. Ukipita, hakuna Mbrahmani, mtu wa tabaka lao la juu, wilaya nzima atakayemwoa bibi harusi aliyepitwa na muda wake. Taru alilijua hilo kuliko kuhani. Alilipangia mwezi mzima, tangu baba alipomkuta akicheka na Jogen mfumaji, mtu wa tabaka la chini ambaye nyumbani kwa kina Taru hata maji hunyweshwa uani, kwa bilauri yake peke yake.

"Ana haya mtoto wetu," mama alisema, akicheka kwa meno tu.

"Haya? Huyu anayeruka ukuta kwenda sinema?" wifi yake akadakia. "Kalala huyu!" Akamfinya paja.

Taru akauma mdomo.

"Mpokonyeni hayo majani!" akafoka baba yake bwana harusi.

"Haifai, mzee," kuhani akasema. "Lazima ashushe mwenyewe."

Zikabaki dakika nne. Nyuma ya majani hakuona ila kijani. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, jasho linamwingia machoni. Mara kibao kikayumba upande wa Nibaran. Akianguka, majani yatamtoka, na habari yake itakuwa imekwisha.

"Kaka, tafadhali."

 Taratibu, Nibaran akakaza mkono, kibao kikatulia.

"Umepita," kuhani akasema.

Taru akashusha majani. Mbele yake bwana harusi, kijana wa watu, alikuwa akihema kama aliyeponea chupuchupu.

"Sasa nani atakuchukua?" baba alipiga kelele.

"Jogen. Na hanichukui, baba, naenda mwenyewe."

Akateremka kwenye kibao. Baba akamtangulia mlangoni, akauziba kwa mkono.

"Ukitoka hapa naoga leo leo, kama mtu aliyetoka kuchoma maiti ya bintiye."



"Oga maji ya moto basi, baba. Kifua chako hakipendi baridi."

Mkono haukushuka. Taru akainama na sari yake nyekundu, akapita chini yake.