Kontena la Alhamisi

Kila Alhamisi, dakika chache baada ya adhana ya alasiri, kontena la Vuai liliwaka lenyewe, likaishi sekunde saba, likazimika. Kila mara liliacha mstari mmoja katika kumbukumbu zake: Nipo. Na Vuai mwenyewe, jamani, hakuonekana tangu Machi.

Makontena haya si yale ya bandarini. Ni programu, kila moja imefungiwa peke yake ndani ya kompyuta pamoja na vitu vyake vyote, haimjui jirani. Katika ofisi ya ghorofani, mtaa wa Fordsburg, si mbali na Soweto, juu ya duka la vitambaa, Mwatumu aliyatunza zaidi ya mia, ya maduka na saluni za watu. Hakuyagusa moja moja. Alitumia maktaba ya Python, yaani maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wengine: mstari mmoja uliyaorodhesha, mwingine uliyawasha, mwingine uliyafuta. Aliyemfundisha ni Vuai, Mzanzibari mwenzake, mpole, mtu wa kuacha alama za vikombe vya chai kila meza. Ndiye aliyemwonya kwamba orodha ya kawaida huonyesha yanayofanya kazi tu. "Yaliyozimika yamo bado," alimwambia. "Usipoyauliza, hayajitaji."

Machi hiyo Vuai alikwenda Soweto kutengeneza mashine ya spaza moja, kiduka cha mtaani, asirudi. Mwatumu alizunguka vituo vya polisi, hospitali, hata vyumba vya maiti, akatoka mikono mitupu. Kufika Mei, Bi Tabia, mamake Vuai, alikuwa kule Unguja ameshakata tamaa. Siku ya hitima imepangwa, mchele umenunuliwa. Ndipo Mwatumu alipouona ule mstari. Ufunguo wa siri wa kuingilia kwenye mashine ya makontena walikuwa nao watu wawili tu, yeye na Vuai. Hakujizuia hata kidogo, akapiga simu: "Mama, yupo hai! Ameandika!" Hitima ikaahirishwa, mchele ukagawiwa majirani.

Alikosea, na alilijua kosa lake mapema kuliko alivyotaka kukiri. Julai alibadilisha ufunguo, akabaki nao peke yake. Alhamisi iliyofuata kontena likawaka vilevile. Akasoma kila kitu Vuai alichoandika, hakuona ratiba yoyote iliyoliamuru liwake. Akafunga kompyuta, wala hakumwambia mtu.

Sasa ilikuwa Alhamisi ya Septemba. Ignace, mwenye kampuni, Mkongo wa Lubumbashi, alisimama mlangoni.

"Mwatumu, leo tosha yote. Kesho bantu banakuja kubeba ile mashine."

"Niyafute yote kabisa?"

"Yote. Eish, hata ile ya marehemu."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa bado analimeza simu ilipolia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya Bi Tabia ilikuwa kavu. "Miezi minne unanambia yupo. Mbona hanipigii mimi niliyemzaa? Leo nambie kweli. Ningoje, au nimsomeshee?"

"Nipe mpaka baada ya alasiri, mama."

Alifuta makontena yote, akabakiza lile moja. Kisha akainama chini ya meza akachomoa waya wa mtandao wa ile mashine. Kama kuna mtu huko nje anayeliwasha, leo hataweza, na likibaki gizani, basi mwashaji ni mtu hai, yeye na Bi Tabia watangoja, hata miaka. Na likiwaka je? Hapo hakutaka kufika.

Muadhini alimaliza. Mwatumu akawa anaita orodha, pamoja na yaliyozimika, tena na tena. Limezimika. Limezimika. Limezimika.

Linafanya kazi.

Alihesabu mpaka saba. Kisha akaagiza kumbukumbu zake. Zikateremka Alhamisi zote, Nipo chini ya Nipo, mpaka wa mwisho, ambao haukuwa kama wenzake.

Nisomeeni hitima.

Alilia kwa sauti, peke yake ofisini. Aliponyanyua uso, macho yalitua kwenye meza ya Vuai, ambayo yeye Mwatumu aliifuta Aprili, na hakuna aliyeikalia tena. Palikuwa na duara la chai, bado bichi.

Hakuligusa. Alirudi kwenye kibodi akaandika agizo la kufuta, akaita orodha ya mwisho, ya yanayofanya kazi na yaliyozimika. Haikuwa na kitu. Akapiga simu Unguja.

"Mama, msomeshee."

Bi Tabia akauliza: "Nani kakwambia?"

Mwatumu aliutazama waya uliolala sakafuni.

"Mwenyewe, mama."

Hakuulizwa zaidi. Kwa mbali alimsikia Bi Tabia akimwita jirani, amsaidie kuyatoa majamvi yapigwe jua.