Mvuke Umefungwa

Maneno mawili tu ndiyo yaliyomzuia katibu asimalize muhtasari wa kikao: Mvuke umefungwa.

Mengine yote alikuwa ameshayaweka katika Kiingereza cha kuripoti, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja katika kiwanda hicho cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Wenye kampuni walikuwa ng'ambo, Kiswahili hawakijui, na meneja alikuwa na sheria moja isiyopindika: hakuna alama za kunukuu.

"Makao makuu hawataki maigizo," alizoea kusema. "Wanataka nani alisema nini, basi."

Kwa hiyo kila kauli iliyotoka kinywani mwa mtu ilivuliwa nguo zake za nyumbani ikavishwa sare. "Mimi" akawa yeye, "leo" ikawa siku hiyo, "hapa" pakawa pale, na kitenzi kikarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Wenzake walimwita Dada Kalamu. Kukwama hakukuwa desturi yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ijumaa, saa tano asubuhi, pasi kubwa ya roli, silinda ya moto inayozunguka, ilikwama ikiwa imeuma shuka. Mpigapasi, mwanamke wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Pasi, alizima mota, akamwandikia mtu wa boila ujumbe wa simu, maana chumba cha boila, unakotoka mvuke wa kuipasha pasi, kiko upande wa pili wa ua na kelele za mashine humeza hata mayowe. Aliandika: Mvuke umefungwa. Jibu likaja: Sawa. Akaenda kumtafuta fundi. Aliporudi naye, dakika arobaini zilikuwa zimepita, vitambaa vya roli vimeungua, na mashuka thelathini na mawili yaliyopangwa kando yamekuwa rangi ya chai. Mvuke haukuwa umefungwa na mtu yeyote.

Vali za mvuke, yaani koki za kuufungia, ni mbili: ndogo iko ubavuni mwa pasi, kubwa iko kwenye boila. Yeyote kati ya wale wawili angeweza kufunga yake.

"Mmoja anaondoka," meneja alisema kikao kilipokwisha. "Kama huyu mama alimwambia mwenzake mvuke umefungwa, na haukufungwa, alidanganya, aende. Kama aliuliza, na yule akajibu sawa bila hata kuitazama vali, basi aende yule. Wewe andika kilichosemwa, makao makuu wataamua."

Katibu aliandika: alimwandikia kuhusu mvuke. Meneja akapiga mstari mwekundu juu yake.

"Kuhusu? Kuhusu nini? Alisema au aliuliza?"

Hapo ndipo penye fundo. Kwa Kiswahili, "mvuke umefungwa" ni taarifa na ni swali, herufi kwa herufi. Kinachotofautisha ni sauti, nayo simu haikuibeba. Alama ya kuuliza haikuwapo. Lakini Kiingereza cha kuripoti huweka kitenzi mlangoni kama bawabu, nacho hakimwachi mtu apite kabla hajajieleza: told, alimwarifu, au asked whether, alimuuliza kama. Mlango wa tatu katibu hakuuona.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu wa boila alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Alikuja mwenyewe ofisini, kofia mkononi, akaegemea kabati la mafaili.

"Shemeji, mbona umekunja uso kama shuka lisilopigwa pasi?"

"Kaa. Ulipousoma ule ujumbe, ulielewa nini?"

"Nilielewa nilichoandikiwa. Nilikuwa chini ya pampu, mkono mmoja una grisi, nikasoma kwa jicho moja. Mvuke umefungwa. Nikasema sawa. Wewe ukiambiwa chakula kimeiva utasemaje?"

"Nikiambiwa, au nikiulizwa?"

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Andika told tu, shemeji. Neno lenyewe dogo hivyo. Mama yetu kule nyumbani anakutegemea wewe."

"Mama hajui Kiingereza."

"Hajui. Lakini anajua watoto wangu wanakula wapi."

Katibu alikuwa anatazama lile jibu, Sawa, na kujiuliza kwa nini mtu angejibu swali hivyo. Ukimuuliza mtu kama amekula, hajibu sawa.

Alishuka ukumbini. Mama Pasi alikuwa amewekwa kukunja taulo wakati pasi ikitengenezwa, na alizikunja kwa hasira, kila moja ikipata kofi.

"Niliuliza, mwanangu! Mvuke wa boila mimi nitaufungaje nikiwa huku? Nina mikono ya mpira?"

"Na vali ndogo?"

"Ile inavuja tangu mwaka jana. Hata paka wa hapa anajua."

"Sasa kwa nini hukuweka alama ya kuuliza?"

"Alama gani?"

Katibu akamwonyesha kwenye simu yake, safu ya tatu, kushoto. Mama Pasi aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu.

"Kumbe imo humu! Mwenzangu, mimi nikimuuliza mtu si anajua ameulizwa?"

Sentensi hiyo katibu aliibeba hadi juu ngazini. Kama mwanamke huyu hakuwahi kuijua alama ya kuuliza, basi ameuliza bila hiyo siku zote. Na kama ameuliza, amejibiwa. Majibu yapo. Alirudi chini akaomba simu, akashinda nayo mchana kutwa, karatasi ya mistari ubavuni.

Jumbe za Mama Pasi kwa mtu wa boila, kwa miezi minne, zilikuwa sitini na moja. Alama ya kuuliza: hakuna hata moja. Akaweka kando ule wa Ijumaa, akabaki na sitini. Ishirini na tatu zilikuwa maswali, majibu yalithibitisha: Sabuni imeletwa. Bado. Umeme umerudi. Labda jioni. Umekula. Nakula sasa hivi. Thelathini na saba zilikuwa taarifa, na katika thelathini na nne kati ya hizo Mama Pasi alikuwa ameweka neno moja, bila shaka pasipo kujua: tayari. Mashuka ya hospitali yamefika tayari. Fundi ameondoka tayari. Katika maswali, neno hilo halikuwamo popote. Wala halikuwamo katika mvuke umefungwa.

Taarifa tatu zisizo na tayari zilimsumbua. Hakuzificha, aliziandika.

Kisha akageuza karatasi akahesabu upande wa shemeji. Sawa yake ilitokea mara thelathini na saba, kila mara kwa taarifa. Kwa swali, hata mara moja.

Aliweka kalamu chini. Mama Pasi aliuliza. Shemeji aliarifiwa. Ujumbe ule ule, dakika ile ile, na hakuna aliyedanganya.

Muhtasari aliompelekea meneja ulikuwa na sentensi mbili mahali pa moja. Ya kwanza ilisema kwamba, kwa ushahidi ulioambatishwa, mpigapasi alimuuliza mtu wa boila kama mvuke ulikuwa umefungwa. Ya pili ilisema kwamba mtu wa boila alielewa kuwa anaarifiwa umefungwa, na kwamba hakwenda kuitazama vali.

"Nilitaka kitenzi kimoja," meneja alisema.

"Kuna mwandishi mmoja na msomaji mmoja, bosi. Kila mtu na chake."

"Na huyu ni shemeji yako."

"Ndiyo maana nimeambatisha hesabu. Zihesabu mwenyewe."

Meneja alihesabu. Alipata sitini na moja, akatia sahihi.

Jioni hiyo shemeji alipita nyumbani kwa katibu, akamsalimia kaka yake tu. "Yule wako," alisema, sauti ikifika vizuri hadi jikoni, "angeripoti hata ndoto zangu."

Jibu la makao makuu lilifika Jumatano asubuhi. Katibu alilisoma kwanza, kwa kuwa barua zote zilipitia kwake. Kengele inunuliwe, iunganishwe kati ya pasi na boila. Vali ndogo ibadilishwe. Habari za mvuke zisitumwe tena kwa simu. Mtu wa boila apewe onyo la maandishi. Hakuna anayeondoka. Alilipeleka kwa meneja, naye akafunga mlango akaanza kumpigia msimamizi wa ukumbi.

Katibu alikuwa hajakaa vizuri simu yake ilipolia. Ujumbe wa Mama Pasi: Nimebaki kazini.

Alama hakuna. Tayari hakuna. Labda msimamizi alikuwa ameshamwambia, na hii ni furaha. Labda alikuwa bado amesimama na taulo mkononi, akiuliza. Alitega sikio mlangoni kwa meneja. Sauti iliendelea, lakini imefika wapi haikujulikana.

Akafikiria jibu linalofaa pande zote mbili, akaandika: Ndiyo, umebaki. Akarudi kuangalia kama nukta ipo, ndipo akatuma.