Kichwa Mikononi mwa Msusi

Nikutegee, nawe usikurupuke: nikifunga macho anaingia, nikifumbua anatoka, na hodi hapigi. Nani huyo? Usiniambie usingizi, usingizi wa watu hauna kosa. Ni ndoto. Na ya binti mmoja, msusi, ilikuwa na ujeuri wa peke yake.

Binti huyo alikuwa akiishi kwenye nyumba ya vijana wanaoacha unga, ule wa kulevya. Mchana mzima, salama. Akilala tu, anamwona yule jamaa aliyekuwa akimuuzia, kasimama mlangoni, nywele matimutimu, kiganja wazi, unga katikati. Naye anachukua. Akiamka, uchungu ule ule uko ulimini, na mbio kwa nesi.

"Nipe kopo nipimwe mkojo. Nimerudia!"

"Tena? Mwanangu, utanimalizia makopo! Jana safi, juzi safi."

Safi, lakini hakumwamini nesi wala nafsi yake. Akaanza kuukimbia usingizi: anafua nguo zilizokwisha kufuliwa, kahawa anainywa kama maji. Akawaza kwamba dawa ya kumlaza anaijua, tena anajua inauzwa wapi.

Mshauri wa nyumba akavuta kigoda, akaketi, akavua kilemba.

"Nisuke, tuongee."

"Cha kuongea hakuna, dada. Ndoto ni ndoto."

"Ndoto ni yako. Unaisimulia mchana, ukiwa macho, ila mwisho unaupanga mwenyewe. Unaurudia kila siku mpaka kichwa kiuzoee. Haya, yule jamaa kanyoosha kiganja. Unafanyaje?"

Binti, aliyekwisha kuanza kumchana, akasimamisha chanuo.

"Mwisho wowote?"

"Hata wa kuchekesha."

"Nikikimbia, atanifuata. Nikimsihi, atanicheka." Akalivuta fundo la nywele kwa hasira.

"Uuuwi! Kichwa changu hicho!"

"Tulia wewe!"

Mshauri akatulia tuli. Binti akakitazama kichwa kile mikononi mwake. Mama wakwe, mabibi harusi, hata wake wa mabosi. Akishika nywele zao, wote hutulia wakiambiwa tulia. Akaanza kucheka peke yake.

"Dada, hebu niulize tena."

"Kanyoosha kiganja. Unafanyaje?"

"Kiganja sikitazami. Namkamata zile nywele zake za matimutimu, namkalisha kigodani, chanuo kavu, mafuta simpi. Akifungua mdomo namwambia: tulia wewe, hapa mwenye kushika kichwa ni mimi!"